Mlima Ule ni Mkali Kiasi Gani?

Kwetu ni upande wa Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, na mnajua huku tambarare ni za kutafuta. Muhula wa kwanza trela iliyobeba tingatinga ilishindwa na mlima tunaopanda tukija shuleni. Ikaanza kurudi nyuma. Baba mdogo, ambaye ndiye utingo wake, akasukuma jiwe chini ya gurudumu, akaruka pembeni. Nusura tumpoteze. Waliopanga safari walikuwa wameambiwa, "Huo mlima ni mdogo."

Nikataka kujua mdogo ni kiasi gani. Kwenye ramani ya 1:50,000 tunayotumia katika Jiografia, sentimita 2 ni kilomita 1. Kutoka darajani hadi kileleni nilipata sentimita 4, yaani mita 2,000. Nikahesabu nafasi 6 za kontua, kila moja mita 20, jumla mita 120. Gawa 120 kwa 2,000, unapata asilimia 6. Basi nikamwambia baba mdogo kwamba dereva wake ni mwoga. Alinitazama tu.

Jumamosi nikaenda na ubao ulionyooka wa mita 2 na chupa ya maji isiyojaa, nikailaza juu yake. Ncha moja ya ubao inakaa barabarani upande wa mlimani, ile nyingine unainyanyua mpaka kiputo cha hewa kitulie katikati ya chupa, halafu unapima kutoka ncha hiyo hadi chini. Mara nyingi nilipata sentimita 8, 10 au 12. Kwenye kona ya mwisho, penye mikaratusi, nikapata 28! Hiyo ni asilimia 14. Ramani ilinipa wastani, na gari haipandi wastani.

Sasa Fizikia kidogo. Gari na mzigo vikiwa tani 40, mlima wa asilimia 6 unavivuta nyuma kwa nguvu ya kama tani 2.4, wa asilimia 14, kama tani 5.6. Ongeza tope juu ya maramu. Kushuka nako si nafuu, breki zinachemka, ndiyo maana dereva hushuka kwa gia ndogo. Na kilele kikivunjika ghafla, tumbo la trela ndefu hugonga chini, gari ikabaki inaning'inia kama pembea.

Kwa hiyo anayepanga njia atafute kile kipande kikali kuliko vyote, hata kama ni hatua thelathini tu, apime hicho, na awaulize wenyeji kikinyeshewa kinakuwaje.

Baba mdogo ameiandika ile 14 kwenye daftari la safari. Dereva nimeshamwomba msamaha.