Mpira wa mkojo: matunzo ya nyumbani, hatari zake na swala ya mgonjwa

Katika mitaa yetu ya Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale si ajabu kuingia nyumba ya watu ukamkuta mzee ameketi barazani, kanzu imemfunika, na pembeni ya mguu wake kuna mfuko wa plastiki wenye mkojo. Wengine wamekaa nao miezi kadhaa wakisubiri upasuaji wa tezi dume. Hospitalini alitiwa mpira kwa dakika chache, akaruhusiwa, na kuanzia hapo muuguzi wake ni mkewe, mwanawe au mkaza mwana. Hao ndio tunaozungumza nao leo, kwani mpira huo uliomwokoa unaweza pia kumrudisha wodini akiwa mahututi.

Mpira unaotumika zaidi huitwa Foley, kwa jina la daktari wa Marekani, Frederic Foley, aliyeutengeneza katika miaka ya 1930. Karibu na ncha yake pana puto dogo. Mpira ukishafika ndani ya kibofu, puto hilo hujazwa maji ya sindano, kwa kawaida mililita 10, ili usichomoke. Wanaowekewa ni wengi: wenye tezi dume iliyotanuka, waliopooza, walioumia uti wa mgongo, kina mama waliojifungua kwa upasuaji, na wale waliozibwa fistula, mathalan pale CCBRT Msasani, ambao hukaa nao mpaka kidonda kishike.

Tatizo la kwanza ni vijidudu. Kwa kawaida mkojo unapotoka kwa kasi huosha njia yake wenyewe. Mpira unauondoa ulinzi huo, na badala yake unakuwa daraja la kupandia vijidudu. Kila siku inayopita, watu 3 hadi 7 katika kila 100 wenye mpira hupata vijidudu kwenye mkojo, na ukifika mwezi karibu wote wanavyo. Hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza fedha. Mkojo unapimwa, jibu linasema una vijidudu, basi mtu anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya sipro. Wiki mbili baadaye wanapima tena, vijidudu vipo, wananunua tena. Mwenye mpira ambaye haumwi chochote kwa kawaida hahitaji dawa kwa sababu tu vijidudu vimeonekana. Akipewa ovyo, vitakavyobaki ni vile vilivyozoea dawa, na siku atakapougua kweli patakuwa hapana cha kumpa. Anayehitaji dawa ni mwenye homa, anayetetemeka kwa baridi, mwenye maumivu ya kiuno au chini ya kitovu, au mzee aliyeanza kuweweseka ghafla. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tatizo la pili watu wengi hawalijui, nalo ni chumvi. Kuna kijidudu kiitwacho Proteus ambacho huvunja urea iliyomo kwenye mkojo na kutoa amonia, ile harufu kali inayochoma pua. Mkojo unapoteza uchachu wake, na madini ya magnesi na kalsi yanaganda juu ya mpira kama yale magamba yanayoganda ndani ya birika la maji ya chumvi. Tundu linazidi kuwa jembamba mpaka linaziba. Mkojo hautoki, tumbo linajaa, au mkojo unavuja pembeni ya mpira na watu wa nyumbani wanadhani mpira ni mdogo. Chumvi ya aina hiyo hiyo ndiyo mara nyingi huziba njia ya mkojo ya paka dume. Wenye paka majumbani wanalijua jambo hili: paka anakaa kwenye pembe ya ukuta anajikamua, halafu hakitoki kitu, na asipotibiwa hufa ndani ya siku chache. Huko Marekani paka ambao mrija wao wa figo umeziba huweza kuwekewa kifaa maalumu chini ya ngozi cha kupitisha mkojo, na taabu kubwa za kifaa hicho ni hizi hizi, kuganda kwa chumvi na kuingia kwa vijidudu. Kitu chochote kigeni kikikaa ndani ya mkojo, cha mtu au cha mnyama, huishia kufuata njia hiyo.

Kwa hiyo mpira una muda wake. Ule wa rangi ya njano au kahawia unaotumika zaidi hubadilishwa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Ule mweupe wa silikoni unaweza kufika wiki 12. Andikeni tarehe ukutani au kwenye kalenda ya msikiti siku ulipowekwa. Mtu anayekaa miezi mitano na mpira mmoja kwa kukwepa nauli na gharama ya kubadilisha atakuja kulipa zaidi, kwani mpira ulioota magamba ukivutwa huchana njia yote. Na tafadhalini, msimwite jirani “anayejua” aje kuubadilisha nyumbani. Puto likijazwa kabla halijafika kwenye kibofu hupasua njia ya mkojo, kisha kovu lake huziba kabisa. Wazee waliochanganyikiwa nao huuvuta wenyewe usiku puto likiwa limejaa, damu ikachirizika. Dawa yake ni kuubandika mpira kwenye paja kwa plasta, uwe na nafasi kidogo, usikazwe.

Matunzo ya kila siku si mazito. Aliye na mkono wa kumhudumia mgonjwa anawe kwa sabuni kabla na baada. Sehemu mpira unapoingilia ioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida kila siku na baada ya choo kikubwa, na kwa wanawake maji yapite kutoka mbele kwenda nyuma. Spiriti na Dettol huunguza ngozi, havina faida hapo. Mfuko uwe chini ya kibofu wakati wote, lakini usilale sakafuni. Utundikeni ubavuni mwa kitanda au uwekeni ndani ya beseni safi. Umwageni ukijaa theluthi mbili. Msichomoe mpira kutoka kwenye mfuko bila sababu, kwa kuwa kila mnapochomoa mnafungua mlango. Ndani ya daladala ndipo kosa kubwa hufanyika: mgonjwa anaupakata mfuko mapajani ili usikanyagwe, na mkojo unarudi ndani.

Wazee wetu wengi hupunguza kunywa maji ili mfuko usijae mbele za wageni. Haya zao tunazielewa, lakini mkojo mzito ndio unaoganda haraka. Asiye na ugonjwa wa moyo wala figo anywe kiasi cha lita 2 kwa siku, na zaidi kidogo kwenye joto la Dar es Salaam.

Lipo jambo jingine linalotisha nyumba nzima. Siku moja mfuko unaonekana umegeuka rangi ya zambarau. Tumeona watu wakikimbilia kwa waganga wakidhani ni uchawi au jini. Hakuna jini hapo. Mgonjwa, aghlabu mama mtu mzima wa kitandani mwenye choo kigumu, ana vijidudu vinavyogeuza mabaki ya chakula yaliyoingia kwenye mkojo kuwa rangi ya buluu na nyekundu, na hizo zikichanganyika kwenye plastiki zinatoa zambarau. Mpelekeni kituo cha afya akaangaliwe, mpira na mfuko vibadilishwe, na choo kilainishwe.

Sasa swala. Wapo walioacha kuswali tangu siku walipotiwa mpira, wakisema hawana tohara. Wanazuoni wamewaweka watu hawa katika hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza Fatima bint Abi Hubaysh, aliyekuwa akitokwa na damu ya ugonjwa, aendelee kuswali na atawadhe kwa kila swala. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoifuata wengi wetu pwani hii, mgonjwa husubiri wakati uingie, hujisafisha, hutawadha, kisha huswali bila kukawia, na hutawadha upya kwa kila faradhi. Mfuko umwagwe kwanza. Hapa tabibu naye ana neno lake: anayeswali kwa kuketi juu ya mkeka, mfuko wake unakuwa sawa na kibofu au juu yake, na mkojo unarudi. Bora aketi kwenye kiti, mfuko uning'inie chini. Mas-ala ya kuingia msikitini na kukusanya swala mbili muulizeni sheikh wenu, maana yanategemea hali ya mgonjwa.

Kuhusu Ramadhani, vitabu vya Shafi vinahesabu kitu kinachoingizwa katika njia ya mkojo kuwa kinafunguza. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Kiislamu lenye makao Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1997, lilitaja mpira wa mkojo miongoni mwa visivyofunguza. Anayetaka kutoka katika khitilafu apange tarehe yake iangukie usiku au kabla ya mwezi kuandama. Lakini mpira ukiziba mchana wa Ramadhani hausubiri magharibi. Saa nne bila tone la mkojo wakati mgonjwa anakunywa maji, au mabonge ya damu kwenye mfuko, ni safari ya Temeke, Amana au Mwananyamala, saa yoyote.

Kuna mpira mwingine hauonekani kabisa. Ni mrija laini unaowekwa ndani, kutoka figo hadi kibofu, kwa mwenye mawe au mrija ulioziba. Mgonjwa akipata nafuu husahau kuwa anao. Mrija huo kwa kawaida hutolewa au kubadilishwa ndani ya miezi 3, na haifai upite 6, kwani huota mawe kote juu na chini, na figo likafa kimya kimya bila maumivu makali. Aliyefanyiwa upasuaji wa mawe ya figo aulize kabla ya kuruhusiwa: nimeachiwa mrija ndani? Utatolewa lini, na nani? Jibu liandikwe kwenye kadi yake, na mtu mmoja wa nyumbani alijue.