SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KUONDOA VIRUSI KATIKA KOMPYUTA YA NYUMBANI BILA KULIPIA PROGRAMU



Katika vyama vyetu vingi leo, daftari la wanachama, hesabu za mazao yaliyopokelewa na orodha za malipo hazimo tena katika vitabu peke yake, bali zimo katika kompyuta pia. Tena mara nyingi kompyuta hiyo si mali ya chama. Ni ya katibu au ya mweka hazina, iko nyumbani kwake, na watoto wake huitumia kwa masomo na michezo. Kazi ya chama husafiri baina ya ofisi na nyumba ndani ya flashi iliyomo mfukoni. Kwa hiyo afya ya kompyuta ya nyumbani si jambo la mtu binafsi tu. Ni jambo la chama.

Shabaha ya somo hili ni kumwezesha msomaji kuitambua kompyuta iliyoingiliwa, kuitibu kwa programu zisizolipiwa, na zaidi ya yote, kuziokoa kumbukumbu za chama kabla ya kufuta kitu chochote.

1. MAANA YA VIRUSI NA PROGRAMU ZA KIJASUSI

Kirusi cha kompyuta ni programu iliyotungwa na mtu kwa makusudi, yenye uwezo wa kujinakili na kuhama kutoka chombo kimoja hadi kingine. Hakizuki chenyewe, wala hakiletwi na vumbi au joto. Mwaka 1986 kirusi kilichoitwa Brain, kilichotungwa na ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, kilisambaa duniani kwa njia ya diski laini ambazo watu walipeana mkono kwa mkono. Leo flashi imechukua nafasi ya diski ile.

Programu ya kijasusi ni jamaa yake, lakini tabia yake ni tofauti. Aghalabu haiharibu kitu. Hukaa kimya, ikatazama kurasa unazofungua, ikanakili maneno ya siri unayoyaandika kwa kibodi, kisha ikayapeleka kwa aliyeituma. Kirusi ni kama mchwa, utaona unga wake. Programu ya kijasusi ni kama mgeni anayesikiliza nyuma ya mlango.

2. MFANO WA KUJIFUNZIA

Tuchukue mfano. Kesho ni siku ya malipo. Usiku katibu anachomeka flashi katika kompyuta ya nyumbani ili amalizie orodha. Anaona kila folda ina alama ya mshale mdogo pembeni. Anapoifungua, mara inafunguka, mara inakataa. Jirani anamwambia: "Flashi imekufa hiyo, ifomati upya."

Katibu akifuata shauri hilo, orodha ya malipo imekwisha. Wanachama watasubiri, halmashauri itauliza, na hata katibu mwaminifu ataonekana kana kwamba ana jambo la kuficha. Kumbe katika hali ya namna hii kumbukumbu kwa kawaida hazijapotea. Kirusi kimezitia folda za kweli alama ya kufichwa, kisha mahali pake kimeweka njia za mkato zenye majina yale yale. Mtu anapobonyeza njia ya mkato, yeye mwenyewe ndiye anayekiamsha kirusi, nacho humfungulia folda ya kweli ili asishuku.

Ujanja huu una sababu yake. Zamani Windows ilikuwa ikiendesha programu iliyomo katika flashi mara tu ilipochomekwa, na kirusi cha Conficker kilichotokea Novemba 2008 kilitumia mlango huo miongoni mwa milango yake. Mlango huo ulipofungwa, kwanza katika Windows 7 na halafu, mwaka 2011, katika matoleo yaliyoitangulia, watungaji wa virusi walitafuta njia ya kutumia mkono wa mwenye flashi mwenyewe.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: okoa kumbukumbu kwanza, ua kirusi baadaye, na usifomati chochote mpaka umethibitisha kwamba kumbukumbu zote unazo.

3. HATUA ZA TIBA

Hatua ya kwanza: Tenga. Acha kubonyeza folda zenye mshale. Toa flashi, wala usiichomeke katika kompyuta ya mtu mwingine. Usifanye malipo ya benki wala usiandike neno la siri katika kompyuta hiyo mpaka kazi itakapokwisha.

Hatua ya pili: Hifadhi. Nakili hati zako zilizomo katika kompyuta, yaani barua, majedwali ya hesabu na picha, katika flashi nyingine. Usinakili programu. Iandike flashi hiyo kwa kalamu "HAIJAKAGULIWA", nayo isitumiwe mpaka ikaguliwe.

Hatua ya tatu: Kagua kompyuta. Kompyuta zenye Windows 10 au Windows 11 tayari zina programu ya kinga iitwayo Microsoft Defender, ambayo haina malipo ya ziada. Fungua "Windows Security", kisha "Virus & threat protection". Unganisha intaneti kwa muda tu ili programu ijisasishe, maana kinga isiyojua virusi vipya haivitambui. Kisha kata intaneti. Chagua "Scan options", halafu "Full scan". Ukaguzi huu hupitia kompyuta nzima na waweza kuchukua saa kadhaa, uache umalizike.

Baada ya hapo chagua "Microsoft Defender Offline scan". Hapo kompyuta itajizima na kujiwasha, na kukaguliwa kabla Windows yenyewe haijaamka. Faida yake ni kwamba virusi vinavyojificha wakati Windows inafanya kazi hukutwa vingali vimelala. Kazi hii huchukua takriban dakika 15. Hifadhi kazi zako zote kabla ya kuianza.

Hatua ya nne: Tafuta shahidi wa pili. Microsoft Safety Scanner ni programu ya bure inayopatikana katika tovuti ya Microsoft. Hufanya kazi kwa siku 10 tu tangu kupakuliwa, kwa hiyo kila unapoihitaji pakua mpya. Ipo pia Malwarebytes, ambayo toleo lake la bure hukagua na kuondoa programu za kijasusi na za matangazo. Lakini usiweke programu mbili zenye kulinda kompyuta wakati wote. Zitagombana na kuidhoofisha kompyuta.

Hatua ya tano: Kagua flashi na ufichue kumbukumbu. Kompyuta hutangulia, flashi hufuata; kusafisha flashi kwanza ni kudeki sakafu huku paa linavuja. Chomeka flashi bila kuifungua. Bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague "Scan with Microsoft Defender". Katika Windows 11 huenda ukahitaji kupitia "Show more options" kwanza.

Ukaguzi ukiisha, folda za kweli bado zitakuwa zimefichwa. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, bonyeza Enter. Tazama herufi ya flashi yako. Tuseme ni E. Andika E: na ubonyeze Enter. Kisha andika amri hii kama ilivyo, pamoja na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d *.*

Bonyeza Enter, usubiri, kisha fungua flashi. Folda zitakuwa zimeonekana. Ukikuta folda isiyo na jina, ifungue pia, kwa maana viko virusi vinavyokusanya kila kitu ndani ya folda ya namna hiyo. Futa njia za mkato zilizobaki. Nakili hati katika kompyuta iliyokwisha kusafishwa, ufungue moja moja uhakikishe zinasomeka. Hapo ndipo, ukitaka, unaweza kuifomati flashi. Ile flashi uliyoiandika "HAIJAKAGULIWA" nayo ikaguliwe vivyo hivyo.

Hatua ya sita: Badili maneno ya siri. Kuondoa jasusi hakurudishi alichokwisha kuiba. Kwa kutumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama, anza na neno la siri la barua pepe, kwa sababu hilo ndilo ufunguo wa mengine, kisha la benki. Washa uthibitisho wa hatua mbili panapowezekana. Kama akaunti ya chama ilifunguliwa katika kompyuta hiyo, mwenyekiti na benki wajulishwe siku hiyo hiyo. Kunyamaza kwa kuona haya ni kumpa mwizi muda.

4. TIBA ISIPOFAULU

Kama dalili zinarudi, na hati zako zimekwisha kuhifadhiwa, kompyuta isafishwe upya kwa njia ya "Reset this PC" iliyomo katika mipangilio ya Windows, ukichagua kufuta kila kitu. Kwa kompyuta kuukuu, mfumo huria kama Linux Mint pamoja na programu ya ofisi ya LibreOffice hupatikana bila malipo, na hutosha kwa barua na majedwali.

Viko pia virusi vinavyofunga hati kwa kufuli na kudai fidia. Usikimbilie kulipa, maana malipo hayana dhamana. Mpango wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo. Si vyote vyenye dawa. Kwa hiyo nakala iliyowekwa kando ndiyo tegemeo la hakika.

5. TAHADHARI JUU YA NENO "BURE"

Kwanza, bure nyumbani si lazima iwe bure ofisini. Toleo la bure la Malwarebytes ni kwa matumizi binafsi. Chama kikitaka kulitumia kwa kazi zake hakina budi kununua leseni. Defender haina sharti hilo. ClamAV, ambayo ni programu huria, hutumika popote, ila huhitaji mtu aliyezoea kuandika amri.

Pili, programu ya kinga inayojitokeza yenyewe katika skrini ikidai kwamba imegundua mamia ya virusi na kuomba malipo, aghalabu yenyewe ndiyo ugonjwa. Funga ukurasa huo, usibonyeze lolote ndani yake.

Tatu, programu zilizovunjwa kufuli, zinazouzwa kwa bei ya soda au kupeanwa katika flashi, mara nyingi humtaka mtumiaji azime kinga kwanza. Mlinzi huambiwa aondoke langoni kwa sababu gani?

6. KINGA

Ruhusu Windows ijisasishe. Kirusi cha WannaCry kilishambulia tarehe 12 Mei 2017, kikasimamisha hata kazi za hospitali za Uingereza. Rekebisho la kukizuia lilikuwa limetolewa tangu tarehe 14 Machi mwaka ule, lakini wengi hawakuliweka. Ikumbukwe pia kwamba marekebisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Chama kiwe na nakala tatu za kumbukumbu zake, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae nje ya ofisi. Flashi ya chama isitumike kwa nyimbo wala michezo. Nyumbani, katibu afungue jina lake la matumizi lenye neno la siri, na watoto wawe na lao.

Haya si hiari ya katibu peke yake. Namba za simu na akaunti za wanachama ni taarifa binafsi, na hapa Tanzania zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama chama kinamtaka katibu atumie kompyuta yake mwenyewe, basi halmashauri nayo imsaidie, angalau kwa flashi mbili za akiba na gharama ya intaneti ya kusasisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kumbukumbu za chama chetu zimo katika kompyuta za nani, na nani mwingine huzitumia?
2. Kwa nini kompyuta husafishwa kabla ya flashi?
3. Kompyuta ya katibu ikiharibika usiku huu, tutawalipa wanachama kesho kwa orodha ipi?

Kikundi kisichoweza kujibu swali la tatu kianze kazi leo kwa kutengeneza nakala moja ya orodha hiyo na kuiweka mahali pengine.