Nani Atapata Pesa za Kwa Simu Ukiaga Dunia?

Ukitaja wosia, wengi hufikiria mashamba, ploti na nyumba za kukodisha. Wengine huona kuuandika ni kujiitia kifo. Lakini hebu hesabu: pesa za kwa simu, akiba ya sacco, till ya duka, na pengine mkopo wa simu ambao haujaisha. Siku ukiondoka, kuna mtu atabaki akifuatilia hayo yote. Tuone jinsi ya kumrahisishia kazi.

Kujua PIN si kurithi

Familia nyingi hudhani bora mtu mmoja ajue PIN, mambo yako sawa. Hayako sawa. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi (Sura ya 160) kinasema anayegusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria anaweza kutozwa faini hadi Sh10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Na alichochukua bado atakidaiwa. Kwa hivyo usimpe mtu PIN, wala usiiandike kwenye wosia.

Njia halali ni familia kutujulisha, kisha kuleta cheti cha kifo na stakabadhi za mahakama au za Mdhamini wa Umma zinazoonyesha nani anasimamia mirathi. Huyo ndiye tunayemkabidhi pesa.

Pesa za chama je?

Tuseme wewe ni mweka hazina na Sh60,000 za chama ziko kwenye laini yako. Ukifa ghafla, rekodi zitaonyesha ni zako. Watoto watasema ni za mama yao, wanachama watasema ni jasho lao, na hakuna anayedanganya. Chama kitabaki kudai kama mdai mwingine yeyote. Dawa yake ni mbili: chama kiwe na akaunti yake inayohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, na daftari la michango litiwe saini kila mkutano.

Wosia unaokubalika

- Uwe na miaka 18 au zaidi, na akili timamu.
- Tia saini mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao pia watie saini. Wasiwe watu unaowaachia mali. Shahidi mrithi anaweza kupoteza alichoachiwa.
- Taja msimamizi unayemwamini.
- Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili, na kwa kawaida hufaa tu ukifariki ndani ya miezi 3.
- Ukioa au kuolewa, wosia wa awali hufutika, isipokuwa uliandikwa kwa kutarajia ndoa hiyo. Andika mwingine.
- Usimwache nje mke, mume au mtoto. Mahakama inaweza kuamuru apewe sehemu yake.

Kama wewe ni Mwislamu, mali yako itagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Pata ushauri wa Kadhi.

Orodha ya ukurasa mmoja

Familia haiwezi kufuatilia isichokijua. Andika laini zako zote za simu, benki, sacco, till, bima, madeni yako na wanaokudai. Madeni hulipwa kabla ya warithi kugawana, kwa hivyo usiyafiche.

Kisha uliza sacco yako ni jina gani liko kwenye fomu ya mrithi. Wengi waliandika la mama walipojiunga na hawajabadilisha tangu wapate familia zao.

Mkikawia

Bila wosia, familia itahitaji barua ya chifu inayotaja warithi, kisha iende mahakamani. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Nao salio la simu lisiloguswa kwa miaka 2 huhesabiwa kuwa halina mwenyewe na hupelekwa kwa mamlaka ya UFAA. Warithi bado wanaweza kulidai huko, ila ni lazima kwanza wajue lipo.

Wiki hii anza na orodha. Iweke mahali salama, kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini ilipo. Wosia ufuate, na kama una ardhi, biashara au zaidi ya boma moja, muone wakili kabla ya kutia saini.