Dondoo muhimu: Keneli mpya si hukumu ya kifo kwa programu ya zamani
Kiwanda cha kukamua alizeti mkoani Singida, kama bado kinapiga hesabu kwa programu ya Linux ya miaka ya 1990, hakina haja ya kuitupa eti kwa sababu keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, imebadilika. Programu za aina hiyo huweza kusimamia foleni za ujumbe na kumbukumbu ya pamoja kwa miito kama msgctl na shmctl. Namba ya mtumiaji ilipopanuliwa kutoka biti 16, yenye ukomo wa 65,535, hadi biti 32, muundo wa taarifa za miito hiyo nao ulipanuka, lakini wa kale haukufutwa. Iliwekwa alama ya kuomba umbo jipya, IPC_64. Kwenye x86 ya biti 32, mwito wa jumla, ule unaobeba kazi hizi zote, ukija bila alama hiyo hujibiwa kwa umbo la zamani. Hata toleo la 5.1 la keneli la mwaka 2019, lililozipa kazi hizo miito yake, liliuacha ule wa jumla, namba 117.

Wapo wanaosema mabaki haya ni mzigo, tena mlango kwa wadukuzi. Hoja ina uzito, ila sehemu kubwa ya msimbo huo ni ya kutafsiri miundo tu, na kuandika upya programu ambayo mtunzi wake hapatikani ni ghali zaidi. Programu ikigoma, kagua kwanza maktaba za biti 32, kisha kama keneli ilijengwa na CONFIG_SYSVIPC na, ikiwa ni ya biti 64, CONFIG_IA32_EMULATION. Jaribu kwenye nakala, kabla ya msimu wa mavuno. Kisichotibika hapa ni saa: muda wa biti 32 unagota Januari 2038.