Tembe ya kupunguza estrojeni si ya kila siku

Huenda umewasikia wanaoinua vyuma Umoja, Kayole au Buruburu wakishauriana: ukidungwa testosteroni, meza pia anastrozoli usije ukaota matiti. Ushauri huo una ukweli kiasi, lakini hatari yake ni kubwa.

Sehemu ya testosteroni mwilini hugeuka kuwa estrojeni, hasa kwenye mafuta, ndiyo maana mwenye kitambi hugeuza nyingi zaidi. Anastrozoli huzuia jambo hilo. Tembe yake ya miligramu 1 kila siku hupewa wanawake wenye saratani ya matiti, waishiwe na estrojeni karibu kabisa. Mwanamume hahitaji hivyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwanamume aliyenyimwa estrojeni hunenepa na hamu ya ngono hupungua. Mifupa nayo hudhoofika.

Tena dawa hii haitoki upesi. Saa 50 hivi baada ya kuimeza, nusu yake ingali damuni. Ukimeza kila siku inazidi kurundikana kwa wiki nzima. Viungo vikiuma, wengi husingizia vyuma!

Chuchu zikiwasha au kuvimba, usikimbilie duka la dawa. Mwone daktari upimwe damu. Huenda akapunguza sindano yenyewe, au akaigawa: ndogo kila wiki badala ya kubwa kila wiki mbili, ili testosteroni isipande ghafla. Akiona tembe inahitajika, ataanza na kiasi kidogo, pengine nusu tembe mara mbili kwa wiki, kisha akupime tena. Na kama sindano ulijidunga bila kuandikiwa, mwambie wazi.