Tamu na Chachu: Sosi ya Kachumbari Kutoka Miti Yetu Wenyewe

Katika somo hili tunaingia jikoni. Huenda mwingine atauliza, "Jikoni nako kuna maendeleo gani?" Basi subiri kidogo, ndugu, tutafika.

Hapa Kaloleni, wakati wa msimu ukipita chini ya mkwaju unakanyaga ukwaju. Watoto wanaokota wachache wanamumunya, uliobaki unaoza. Kwa mgema, tembo lililolala siku mbili limeshakuwa kali, hakuna anayelitaka, linamwagwa. Ndimu nazo zikijaa mtini huanguka na kukauka. Halafu sisi hao hao tunakwenda dukani kununua chupa ya siki na chupa ya sosi iliyotengenezwa mbali. Je, hii si sawa na kulala njaa na ghala limejaa?

Mama mmoja katika kikundi chetu alipokuwa mjamzito aliambiwa kliniki kwamba damu yake imepungua. Alishangaa sana. "Mbona mimi kila siku ni mchicha na kunde?" akauliza. Muuguzi akamuuliza na yeye, "Mboga hizo unateremshia na nini?" Akajibu, "Chai ya rangi." Hapo ndipo somo letu lilipoanzia.

KWA NINI CHACHU INA FAIDA

Damu inahitaji madini ya chuma. Chuma kilichomo katika nyama na samaki mwili unakipokea kwa urahisi. Chuma cha mchicha, mtsunga, kunde na maharagwe ni kigumu, kingi kinapita tu na kutoka. Lakini ukila mboga hizo pamoja na kitu chenye vitamini C, kama ndimu, embe bichi, nyanya au kabichi mbichi, mwili unakipokea zaidi. Chai na kahawa zinafanya kinyume, zinakizuia. Kwa hiyo chai ingojee saa nzima au zaidi baada ya chakula.

Tuelewane vizuri. Sosi si dawa. Upungufu wa damu unaweza pia kuletwa na malaria au minyoo ya safura, na mama mjamzito ni lazima aende kliniki na ameze vidonge anavyopewa. Yule mama wa kikundi chetu alimeza vidonge vyake mpaka mwisho. Chakula kizuri kinasaidia tu, hakichukui nafasi ya vidonge.

SEHEMU YA KWANZA: SIKI YA MNAZI

Utamu wa maji ya mnazi unageuka kileo kwa muda wa saa chache. Likiachwa kwenye hewa, viini vingine vinageuza kile kileo kuwa siki. Kwa hiyo lile tembo kali linalomwagwa limekwisha anza safari ya kuwa siki. Linahitaji usafi na subira tu. Fanya hivi:

1. Pata tembo safi lisilotiwa maji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siki ya tembo la maji huwa dhaifu na kuharibika upesi. Basi mgema wako msifu baada ya siki kuiva!

2. Lichuje kwa kitambaa safi. Litie katika mtungi wa udongo au chupa ya kioo yenye mdomo mpana, usijaze mpaka juu. Usitumie kabisa mtungi wa plastiki uliowahi kuwekwa dawa ya shamba au mafuta ya taa.

3. Funika mdomo kwa kitambaa na ufunge kamba. Hewa iingie, inzi wasiingie. Sisi mara ya kwanza tulikaza kifuniko kabisa. Kilifura kikaruka usiku, tukaamka kupangusa sakafu.

4. Weka kivulini, usitikise. Ukiona utando laini juu, usiogope, ni kazi ya vile viini. Lakini ukiona ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, mwaga yote, osha chombo na uanze upya.

5. Ngoja kama majuma manne mpaka manane. Siki iliyoiva inauma ulimi na haina tena harufu ya pombe. Weka kando kikombe kimoja cha siki hiyo mbichi kiwe chachu ya mtungi ujao.

6. Iliyobaki ichuje, pasha moto mpaka itoe mvuke bila kuchemka, tia katika chupa safi na ufunge.

Onyo moja: siki ya nyumbani hatujui ukali wake kwa kipimo. Itumie kwa sosi na mapishi. Usiitegemee kuhifadhi achari ya kukaa miezi mingi.

Msomaji ambaye hataki kabisa kushughulika na tembo asione amefungiwa mlango. Sosi hii inafanyika pia kwa ndimu peke yake.

SEHEMU YA PILI: SOSI YENYEWE

Ukwaju ni tunda letu. Waarabu waliuita tende ya Kihindi, lakini wataalamu wa mimea wanasema asili ya mti huu ni Afrika. Andaa vitu hivi:

- Ukwaju uliomenywa, kiasi cha gramu 200
- Maji yaliyochemka, vikombe 2
- Sukari, vijiko vikubwa 6 (au sukari vijiko 4 na tende 5 zilizotolewa kokwa)
- Chumvi, nusu kijiko kidogo
- Kitunguu saumu, punje 2 zilizopondwa
- Bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, kijiko kidogo 1
- Pilipili kidogo, kwa wanaopenda
- Siki, vijiko vikubwa 2
- Ndimu 2

Roweka ukwaju (na tende, kama unazitumia) katika yale maji ya moto kwa nusu saa. Nawa mikono vizuri kwa sabuni, ufikiche mpaka kokwa zibaki tupu, kisha uchuje. Tia sukari, chumvi, kitunguu saumu, bizari na pilipili. Chemsha kwa moto mdogo kama dakika kumi, ukikoroga, mpaka iwe nzito kama asali nyepesi. Epua, iache ipoe kabisa. Hapo sasa ndipo utie siki na maji ya ndimu. Usitie ndimu motoni, maana moto unaua vitamini C, na ndiyo hasa tunayoitaka.

Kuhusu chombo: kitu kichachu kinakula alumini. Sufuria ya enameli, ya chuma kisichoshika kutu, au chungu, ndivyo bora. Kama unayo ya alumini tu, pika haraka na umimine mara moja. Usilaze sosi humo.

Ukipenda asali badala ya sukari ni vizuri, hata majirani zetu walio kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga nyuki. Itie sosi ikiwa imepoa. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, inaweza kumdhuru vibaya.

Wakati wa kula, chukua vijiko vikubwa 4 vya sosi na kijiko 1 cha mafuta, tia katika chupa ndogo, funga na utikise. Mafuta yanasaidia mwili kupokea vitamini A ya karoti na mboga za majani. Mafuta ya nazi yanafaa sana. Asubuhi ya baridi yakiganda, usidhani yameharibika. Weka chupa juani kidogo, yatayeyuka. Mwagia kachumbari dakika ile ile ya kula, kwa sababu chumvi na chachu zinatoa maji ya mboga na kuzilegeza. Sosi hii inafaa pia juu ya kabichi iliyokatwa nyembamba, kunde zilizochemshwa, mtsunga uliopikwa, hata muhogo na viazi.

Sosi isiyo na mafuta itie katika chupa iliyochemshwa. Bila friji itumie kwa siku tatu au nne. Katika friji, kama majuma mawili. Ikitoa povu au harufu ngeni, mwaga. Mafuta yachanganywe siku ya kula tu, wala usilaze kitunguu saumu ndani ya mafuta.

SEHEMU YA TATU: CHACHU HAIOSHI UCHAFU

Hapa tunaomba msikilize sana. Wako watu wanaoamini kwamba ndimu na siki zinaua kila kiini, hivyo wanakata kachumbari kwa mboga ambazo hazijaoshwa. Si kweli. Kipindupindu na homa ya matumbo husafiri katika maji machafu na mikono michafu, na kachumbari haipiti motoni. Osha mboga kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa kama maelezo ya chupa yanavyosema. Kibao na kisu kilichokata nyama viwe vimeoshwa kwa sabuni kwanza. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu acha kachumbari kabisa, na sosi yako imwagie chakula kilichopikwa, kikiwa bado moto. Ni afadhali kukosa kachumbari mwezi mmoja kuliko kumkosa mtoto.

NA PESA JE?

Kikundi kikitaka kuuza, kianze na daftari. Andika sukari, chupa, kuni na nauli. Ukwaju wa kuokota nao uandikiwe kazi yake, maana saa ya mama si ya bure. Gawanya jumla kwa idadi ya chupa, ndipo upange bei. Na kabla ya kupeleka chupa dukani, muulizeni afisa wa afya wa kaunti na shirika la KEBS masharti ya vyakula vya kuuza. Kwanza lakini tule wenyewe. Sosi inayouzwa yote huku mama nyumbani amepungukiwa damu haijaleta maendeleo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Ni vitu gani vichachu vinavyoharibika katika mtaa wetu, na vinaharibika miezi gani?
2. Nyumbani kwetu chai inanywewa saa ngapi? Tunaweza kuisogeza?
3. Maji tunayooshea mboga yanatoka wapi, na tunayasafisha vipi?
4. Nani kati yetu ataanza mtungi mmoja wa siki juma hili?

Mtakapokutana tena, kila mmoja aje na chupa yake ndogo. Tutaonja, tutasahihishana, na atakayekuwa amekaza kifuniko tutamjua kwa sakafu yake.