SOMO LA 9: MAFUTA YA MWILI, UBONGO NA KINGA

Malengo ya somo
Ukimaliza somo hili uweze:
(a) kueleza kazi za tishu ya mafuta mbali na kuhifadhi nishati;
(b) kueleza jinsi homoni ya leptini inavyounganisha mafuta, ubongo na kinga;
(c) kueleza kwa nini kiribatumbo huambatana na mchochota wa muda mrefu;
(d) kukokotoa uwiano wa uzito na urefu na kueleza maana ya jibu.

9.1 Utangulizi
Simama sokoni Buswelu jioni moja usikilize watu wanavyosalimiana. Aliyeongezeka uzito huambiwa, "Umenawiri!" Aliyepungua huulizwa kwa sauti ya chini, "Vipi, ulikuwa unaumwa?" Mazoea haya yana sababu. Kabla dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijaenea, familia nyingi za Kanda ya Ziwa ziliona wapendwa wao wakikonda hadi kufa. Watu wakazoea kupima afya kwa macho: mwenye mwili ni mzima, aliyekonda ni mgonjwa.

Lakini macho hayatoshi. Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Kati ya hao 28, kumi walikuwa na kiribatumbo, yaani unene uliofikia kiwango cha kuhatarisha afya. Je, ndani ya mwili wa mtu huyo "aliyenawiri" kunatokea nini?

9.2 Tishu ya mafuta si ghala tu
Zamani ilidhaniwa kuwa tishu ya mafuta ni ghala la nishati: chakula kikizidi huingia, njaa ikija hutoka. Hilo ni kweli, ila ni nusu ya jibu. Seli za mafuta hutengeneza homoni pia na kuzimwaga kwenye damu. Kwa hiyo tishu ya mafuta hufanya kazi kama tezi.

Homoni yake inayojulikana zaidi ni leptini. Ilitambuliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York, walipochunguza panya wanene kupita kiasi. Panya hao walikuwa na hitilafu kwenye jeni ya leptini. Kwa kuwa hawakuwa na homoni hiyo, ubongo wao uliamini kuwa wana njaa kila saa.

9.3 Leptini na ubongo
Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hudhibiti njaa, kiu, joto la mwili na matumizi ya nishati. Mawasiliano huenda hivi:

1. Mafuta yakiongezeka, leptini huongezeka kwenye damu.
2. Leptini hufika kwenye haipothalamasi na kushika vipokezi vyake.
3. Haipothalamasi hupunguza hamu ya kula na kuruhusu mwili utumie nishati zaidi.
4. Mafuta yakipungua, leptini hushuka. Njaa hupanda na mwili hubana matumizi.

Kama ni hivyo, mtu mwenye mafuta mengi angepaswa kukosa hamu ya kula. Mbona haiwi hivyo? Kwa watu wengi wenye kiribatumbo leptini ipo tele, lakini ubongo umepunguza kuisikia. Hali hii huitwa ukinzani wa leptini. Ni kama jirani wa mashine ya kusaga: siku ya kwanza kelele humkera, baada ya mwezi hazisikii tena.

Angalia pia hatua ya 4. Mtu akijinyima chakula ghafla, leptini hushuka na ubongo huitafsiri hali hiyo kama njaa ya hatari. Ndiyo maana wengi wanaopunguza uzito haraka huurudisha. Wanapambana na mfumo uliowasaidia mababu zetu kuvuka miaka ya ukame, kwa hiyo si haki kuwaita walafi au wavivu.

9.4 Leptini na kinga
Seli nyeupe za damu nazo zina vipokezi vya leptini. Leptini ikishuka sana, kama kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, seli T hupungua nguvu. Hiyo ni sababu mojawapo ya mtoto mwenye njaa kushambuliwa kwa urahisi na nimonia, kuhara na surua. Mwili wenye akiba ndogo hauna nishati ya kutosha kulisha jeshi lake.

Basi, je, akiba kubwa sana huleta kinga bora? Hapana. Soma sehemu inayofuata kwa makini.

9.5 Kiribatumbo na mchochota
Ukijikata kwa wembe, sehemu hiyo huwa nyekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Huo ni mchochota: kinga imeitikia, imefika na inafanya kazi. Kidonda kikipona, mchochota hutulia.

Katika kiribatumbo hutokea mchochota mdogo usiotulia. Seli za mafuta hujazwa hadi kuwa kubwa mno. Baadhi hukosa oksijeni ya kutosha na nyingine hufa. Makrofaji, yaani seli nyeupe zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli, huingia kwa wingi kusafisha. Zikifika humwaga kemikali za kuitana ziitwazo saitokini. Mwaka 1993 watafiti nchini Marekani walionesha kuwa mafuta ya panya wanene hutoa saitokini iitwayo TNF-alfa, na kwamba kemikali hiyo huzuia insulini kufanya kazi vizuri. Mwaka 2003 tafiti nyingine zilionesha jinsi makrofaji zinavyorundikana katika tishu hiyo.

Matokeo yake ni haya:
• Misuli na ini huacha kuitikia insulini vizuri. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na, likishindwa, kisukari cha aina ya 2 huanza.
• Kuta za mishipa ya damu huharibika polepole, na hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi huongezeka.
• Kinga iliyoshughulishwa kila siku huchelewa kukabiliana na adui wa kweli. Wakati wa UVIKO-19, wagonjwa wenye kiribatumbo katika nchi nyingi waliugua vibaya zaidi kuliko wengine.

Mchochota huu hufika hata kwenye ubongo. Panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi walionesha dalili zake katika haipothalamasi ndani ya siku chache, kabla miili yao haijanenepa sana. Haipothalamasi ikichochotwa, huisikia leptini kwa shida zaidi. Hapo mzunguko hukamilika: mafuta huchochea kinga, kinga huvuruga ubongo, ubongo huongeza njaa, na njaa huongeza mafuta.

9.6 Kukokotoa
Kanuni: uzito (kilo) ÷ [urefu (mita) × urefu (mita)]

Mfano: Mama muuza chipsi ana kilo 82 na urefu wa mita 1.60.
1.60 × 1.60 = 2.56
82 ÷ 2.56 = 32.0

Kwa mtu mzima: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida. 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi. 30 na zaidi ni kiribatumbo. Mama huyu ana kiribatumbo.

Zingatia: Mipaka hii ni ya watu wazima. Kwa umri wa miaka 5 hadi 19 hutumika chati za umri na jinsi. Pia, mbeba mizigo wa mwaloni mwenye misuli mikubwa anaweza kupata namba kubwa bila kuwa na mafuta mengi. Kwa sababu hiyo wahudumu wa afya hupima na kiuno: mafuta ya tumboni, yanayozunguka viungo vya ndani, huchochea mchochota kuliko yale ya mapajani.

9.7 Kinga na tahadhari
Mzunguko huu ni rahisi zaidi kuuzuia kuliko kuuvunja. Soda moja ya mililita 350 ina takribani gramu 35 za sukari. Maji hayana hata moja. Ugali wa dona na mlenda, dagaa, sato wa kuchemsha, maharage na matunda hushibisha bila kuongeza nishati kupita kiasi. Kutembea huisaidia misuli kutumia sukari hata kabla uzito haujapungua. Kulala vya kutosha nako ni muhimu, kwa kuwa usingizi mdogo huongeza hamu ya kula.

Darasani kwako huenda yupo mwenzako aliyepewa jina la "Bonge". Sasa unajua kinachoendelea ndani ya mwili wake. Kumcheka hakutampunguzia hata gramu moja. Kumwita mtembee pamoja kurudi nyumbani kunaweza kumsaidia.

ZOEZI
1. Taja kazi mbili za tishu ya mafuta. (Alama 2)
2. Mtu mwenye kiribatumbo ana leptini nyingi kwenye damu, lakini bado ana njaa. Eleza. (Alama 4)
3. Eleza tofauti mbili kati ya mchochota wa kidonda na mchochota wa kiribatumbo. (Alama 4)
4. Mwalimu ana kilo 70 na urefu wa mita 1.75. Kokotoa uwiano wake na ueleze maana yake. (Alama 3)
5. "Njaa kali na unene uliokithiri vyote hudhoofisha kinga." Jadili. (Alama 7)

MWONGOZO WA MAJIBU
1. Kuhifadhi nishati, kutengeneza homoni kama leptini.
2. Taja ukinzani wa leptini: homoni ipo, ila haipothalamasi haiitikii ipasavyo. Kosa la kawaida: wanafunzi wengi huandika "hana leptini". Hiyo ni hali adimu ya kurithi, wala siyo iliyoulizwa.
3. Wa kidonda ni mkali na hutulia baada ya kupona. Wa kiribatumbo ni mdogo na hudumu. Wa kidonda huonekana kwa macho. Wa kiribatumbo hauonekani.
4. 70 ÷ 3.0625 = 22.9, uzito wa kawaida.
5. Anza na leptini kushuka na seli T kudhoofika. Kisha makrofaji, saitokini na kinga iliyoshughulishwa bila kupumzika. Hitimisha kwa kusema kuwa kinga huhitaji akiba ya kadiri: ikipungua mno hukosa nguvu, ikizidi mno huchochewa bila adui.